Wembe wa Mjomba Ambrus: Risala ya Chumba cha Mwanga

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Szilvay Tibold, Mwenyekiti wa Mfuko wa Alfajiri. Daktari Dombi, Mganga Mkuu wa zahanati yetu. Dada Csilla, muuguzi wetu. Jamaa na majirani mliokuja kwa ajili yetu, pamoja na ninyi mliokuja kwa ajili ya keki ya mbegu za popi: sisi wagonjwa wa Chumba cha Mwanga hapa Alsómeggyes tunawasalimu nyote. Wengi wetu hatuwezi kusimama muda mrefu, kwa hiyo tumekubaliana kuyasema yote leo.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu sana. Ujio wako umetufurahisha, ingawa tungekuwa waongo tukisema umetufurahisha tu. Juzi korido ilipakwa rangi. Jana yakaja maua ambayo hakuna aliyeyaagiza. Jana hiyohiyo tukaambiwa tuje tumevaa suruali ndefu na soksi nzito, ili miguu isionekane kwenye picha. Sisi ni watu wa madonda ndugu ya miguu, Mheshimiwa. Tukificha miguu hatuna kingine cha kukuonyesha.

Katibu wetu, Bwana Lőrinc, ndiye anayesoma risala hii. Kabla ya kustaafu alikuwa afisa forodha mpakani, na mpaka leo mzigo uliofungwa vizuri sana humkosesha raha. Alipoyaona yale maua alisema, "Hapa kuna kitu." Tukamwambia anyamaze, mgeni ni mgeni. Baadaye tukaona hata sisi tunayazunguka yale maua na kuyachungulia.

Mganga Mkuu aliomba kuiona risala kabla ya leo. Tukampa. Ilikuwa risala nzuri, yenye shukrani kutoka juu hadi chini, naye akabadilisha neno moja tu. Hii tunayoisoma ni nyingine. Tunafahamu kwamba akisikia hivi atataka kusimama. Tunamwomba aketi na anywe maji, kwa sababu hatukuja kumvunjia heshima, na yatakayosemwa hayatamuuma kuliko yalivyotuuma sisi.

HISTORIA FUPI YA CHUMBA CHETU

Kila mtu katika nchi hii amesikia habari za daktari wa Budapest aliyewanyoa panya, akawamulika kwa leza hafifu, akashangaa kuona manyoya yanarudi upesi pale mwanga ulipopita. Baadaye mwanga huo ukajaribiwa kwenye vidonda vya watu vilivyokataa kupona. Wataalamu wanabishana mpaka leo unafaa kiasi gani na kwa nani. Sisi hatumo katika ubishi huo. Tulipata mashine yetu tangu enzi za wazazi wetu, bomba la kioo lenye mwali mwekundu mwembamba kama uzi wa kufuma, na Dada Csilla aliutembeza kwa mkono wake juu ya donda, pole pole, akianzia ukingoni.

Mwanga huu hauchomi, hauwashi wala hauna joto. Mtu anakaa amevaa miwani myeusi kama fundi wa kuchomelea, amenyoosha mguu, anajiona mjinga. Mgeni wa chumba huuliza, "Haya, unaanza lini?" Naye Dada Csilla humjibu, "Umeshakwisha, mjomba. Vaa soksi zako."

Kwa kuwa hatuhisi kitu, tulijitafutia dalili yetu wenyewe. Kabla ya kumulikwa, nywele za kuzunguka donda lazima zinyolewe ili mwanga ufike kwenye ngozi na bandeji isivute. Kila mmoja huja na wembe wake, ameuviringisha kwenye taulo pamoja na kandambili zake za kitambaa za ndani, kama mtu wa hapa anavyokwenda hospitali yoyote. Sasa pale palipomulikwa, nywele zilirudi mbio, tena nyeusi, tena kwa wazee wenye kichwa cheupe. Ikawa ndiyo salamu yetu ya mlangoni.

"Zimeota?"

"Zimeota, asante Mungu. Na zako?"

Shangazi Piroska, mjane wa mwokaji mikate, alizoea kulalamika kwa sauti ya korido nzima: "Nilikuja hapa na donda, sasa naondoka na ndevu mguuni. Nani atanioa?"

"Kinyozi," Mjomba Ambrus alimjibu.

Mganga Mkuu ametueleza mara nyingi kwamba nywele si kipimo na hazimo katika vitabu vya tiba. Tunamheshimu. Lakini na panya wale hawakusoma vitabu.

Huyu Mjomba Ambrus ni mpiga kinanda wa kanisa letu, na ndiye tunayemzungumzia leo kuliko wote. Tunaomba Mheshimiwa umwangalie, ni yule wa kiti cha mbele, aliyekataa kuvaa soksi. Kinanda chake hupigwa kwa mikono na kwa miguu. Sauti nzito zote, zile zinazotikisa benchi chini ya mtu, hutoka kwenye vikanyagio vya mguu wa kushoto. Donda lake liko mguu huohuo, juu ya kifundo. Lilipoanza, sauti nzito zilitoweka kanisani, misa ikawa inasikika kama nyumba isiyo na sakafu. Kwa ile mashine ya zamani donda lilipungua kutoka ukubwa wa yai hadi ukubwa wa punje ya haragwe, na Jumapili moja moja tulianza kuisikia tena sakafu.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu makubwa ni mashine mpya, uliyotuletea wewe, Mheshimiwa, mwaka jana.

Tunaikumbuka siku hiyo vizuri. Kulikuwa na bendi ya wazima moto na palinka, pombe yetu kali ya plamu. Mashine ilikuwa nyeupe, ina mkono wake unaojikunja, na kichwa chake kina upana wa sahani ya kikombe cha kahawa. Katikati ya kichwa kuna taa ndogo nyekundu, na kuizunguka kuna kioo cheusi. Fundi aliyeileta alimfundisha Dada Csilla asubuhi, akala sahani mbili za supu ya samaki, akaondoka zake kabla ya sherehe. Lori lililoileta ndilo lililochukua ile ya zamani. Lőrinc aliuliza inapelekwa wapi, akajibiwa "mahali panapostahili", na jibu hilo halijamwacha alale.

Kisha wewe mwenyewe, kwa mkono wako, ulibandika nembo ya Mfuko wa Alfajiri kwenye kichwa cha mashine. Nembo ya dhahabu inayong'aa, ya duara, yenye jina lako, imetobolewa katikati ili taa nyekundu ipite. Ilikaa juu ya kile kioo cheusi kana kwamba vilizaliwa pamoja. Wapiga picha wakasema rudia, ukarudia kuikandamiza kwa kidole gumba. Nasi tukapiga makofi. Tunataka ieleweke, Mheshimiwa, kwamba tulipiga makofi, na hakuna kati yetu aliyeuliza kioo kile ni cha nini.

CHANGAMOTO

Wa kwanza kushtuka alikuwa Mjomba Ambrus. Siku hiyo Dada Csilla alichukua wembe, akainama, akautazama mguu, akaurudisha wembe kwenye taulo.

"Vipi, leo hunyoi?" Ambrus akauliza.

"Sina cha kunyoa, mjomba."

"Na juma lililopita?"

"Juma lililopita nilipitisha tu, usije ukahuzunika."

Ambrus akavua miwani yake myeusi. Tulipomuuliza mlangoni, "Zimeota?", akatuonyesha wembe. Ulikuwa mkali kama siku ulipotoka dukani. Tukatazama nyembe zetu. Za wote zilikuwa zimelala bila kazi.

Tangu hapo, Mheshimiwa, tulishuku kila kitu na kila mtu. Tulishuku kwamba mashine ni boksi tupu lenye taa ya baiskeli. Tukashuku umeme. Tukakushuku wewe, tena kwako tulianza mapema na tulidumu muda mrefu, tusikufiche. Tukashukiana sisi wenyewe, nani analala na bandeji na nani anaifungua akifika nyumbani. Lililo baya kuliko yote ni kwamba tulimshuku Dada Csilla, kwamba anaizima mashine tukishavaa miwani ili aende kuvuta sigara. Kuna asubuhi alisema "Hamjambo" na chumba kizima hakikuitika. Dada Csilla, tunakuomba radhi mbele ya watu wote hawa. Tuliona aibu kukuambia tukiwa peke yetu.

Wakati huo donda la Mjomba Ambrus lilirudi kuwa yai. Daktari wa upasuaji wa mjini akamtazama, akamwandikia siku ya kuukata mguu chini ya goti. Ambrus alirudi kwa basi, akaenda moja kwa moja kanisani, akapiga wimbo kwa mikono mitupu, akafunga kinanda na ufunguo akamrudishia padri. Padri akakataa kuupokea.

Tulimwendea Mganga Mkuu. Tunayaandika mazungumzo yale kama yalivyokuwa, kwa sababu Lőrinc alikuwepo, na huyo hasahau.

"Mashine ni nzima," Daktari alisema. "Mwanga wake hauonekani kwa macho. Ile taa nyekundu ni ya kuonyesha tu unapolenga."

"Kwa hiyo tuamini tusichokiona," Piroska akasema.

"Jumapili si mnaamini?"

"Jumapili hatunyoi miguu, Daktari."

Daktari alicheka, nasi tukacheka kidogo, tukarudi nyumbani na madonda yetu.

Kilichofuata hakikutokana na akili ya yeyote. Binti wa Mjomba Ambrus yuko Vienna, na kila mara alitaka apelekewe picha ya mguu wa baba yake. Ambrus hana simu ya picha, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa ya Piroska. Siku moja alikawia, akaingia mashine ikiwa bado inafanya kazi. Akavaa miwani, akainua simu. Ambrus akavuta mguu pembeni ili aonekane vizuri, na Piroska badala ya kupiga picha akabaki ameduwaa.

"Ambrus, hii dhahabu ina ndevu."

"Piga picha, mwanamke."

"Nakwambia ina ndevu. Njoo uone."

Kwenye kioo cha simu, kuizunguka nembo yako pande zote, kulikuwa na ukingo mwembamba wa mwanga mweupe wenye zambarau, mwembamba kama ukucha. Waliposhusha simu na kutazama kwa macho hapakuwa na kitu. Walipoinua, ukawepo. Tukaingia wote, mmoja mmoja, kuchungulia. Lőrinc ndiye aliyekaa na ile simu kuliko wote. Alipoirudisha alisema, "Mzigo upo. Umezuiliwa mlangoni."

Mganga Mkuu alipoitwa alisema mwanga huo hupenya ngozi na nyama, utashindwaje na karatasi?

"Karatasi sawa," Ambrus akasema. "Hii si karatasi, Daktari. Hii ndiyo ile wanayofungia chokoleti."

Daktari aliigusa nembo kwa kucha, akasikia sauti yake ya bati. Tulimwona rangi ikimtoka usoni, na tunakiri kwamba hapo ndipo tulipoacha kumshuku. Mwaka mzima, Mheshimiwa, mwanga uliotuletea ulikuwa ukitoka vizuri kabisa, ukiishia mgongoni mwa jina lako.

Tulidhani mambo yamekwisha, tubandue tuendelee. Ndipo Daktari akatutolea mkataba wa msaada akatusomea sharti lake: nembo ya mfadhili isifunikwe, isihamishwe wala isiondolewe, la sivyo mashine itarudishwa kwa Mfuko.

"Nikiibandua, mashine inaondoka," alisema. "Nikiiacha, mashine ipo."

"Ipo inafanya nini?" Ambrus akamuuliza.

Daktari aliukunja mkataba. Alisema atakuandikia barua. Tunaamini aliandika. Hatujui kama ilikufikia, na hatutauliza iliishia meza ya nani. Tunachojua ni kwamba siku ya upasuaji ilikuwa ikija, na barua haikuwa ikija.

Basi tuliibandua. Msiulize nani. Tulipanga foleni na fimbo zetu, na kila mmoja aliingiza ukucha wake akainua kipande cha ukingo, kisha akampisha mwenzake, mpaka ikatoka nzima bila kuchanika. Hakuna aliyeitoa, na wote tumeitoa. Dada Csilla hakuwepo. Tulimtuma maji ya moto, na aliporudi nayo tukamtuma maji ya baridi.

Asubuhi ya leo, Mheshimiwa, ulipotembezwa chumbani, uliigusa nembo yako ukasema, "Bado imekaa imara." Tulikusikia. Ilikuwa imeshikwa na plasta ya bandeji kwa nyuma, tuliyoibandika alfajiri. Tunaomba radhi kwa plasta. Kwa yale mengine hatuombi.

MAOMBI

Ombi letu la kwanza na la mwisho ni kwamba mashine ibaki na kichwa chake kiwe wazi. Yapo mengine tuliyoyafikiria, kama vile kiti chenye mgongo na mlango usiopitisha baridi, lakini tumeyafuta ili hili lisije likajificha katikati yake.

Daktari wa upasuaji aliutazama tena mguu wa Mjomba Ambrus mwanzoni mwa mwezi huu. Aliubonyeza, akaunusa, akavaa miwani mingine akautazama upya, kisha akasema, "Sikati leo. Mlete tena mwisho wa mwezi." Sisi hatukumchokoza. Kutoka sasa mpaka mwisho wa mwezi mguu ule uko mikononi mwa watu wawili: Dada Csilla, na wewe. Sharti la mkataba ni lako. Ukitaka kulishika, lori linaweza kuja hata kesho, nasi hatutalala barabarani kulizuia, kwa sababu tukilala sisi hatuamki. Tutakachofanya ni kumsindikiza Ambrus mjini, halafu kila Jumapili tutakaa kwenye benchi zisizotikisika na tutakukumbuka.

Lakini hatuamini kwamba utalishika. Ni jambo geni kwetu, kutoshuku, na tunalifanya kwa shida. Jina lako tutaliweka popote pengine utakapo. Tutaliandika juu ya mlango. Padri amekubali liandikwe kwenye ubao wa kinanda. Piroska yuko tayari kulidarizi kwenye kandambili za kila mmoja wetu. Tunachoomba ni kwamba lisikae pale mwanga unapotokea.

ZAWADI NA DUA

Mgeni rasmi, si kawaida yetu kumwacha mgeni aondoke mikono mitupu. Tumekuandalia keki, chupa ya palinka ya Lőrinc ambayo yeye mwenyewe ameionja ili usiwe na shaka, na kijisanduku. Ndani ya kijisanduku, juu ya kitambaa chekundu, imo nembo yako, nzima, imefutwa gundi. Wakati ukila supu na Mganga Mkuu tuliishusha kwa mara ya mwisho. Mashine iko wazi hivi sasa tunavyoongea, na kama ni kosa, basi limefanyika mbele ya mwenyewe.

Mungu akupe afya, Mheshimiwa, akulinde wewe na mkeo na watoto wako. Akujalie ngozi inayofunga upesi na damu isiyochoka kupanda. Upande ngazi za ofisi yako bila kushika ukuta, na usiku mguu wako usikuamshe. Ambariki Mganga Mkuu, aliyeogopa kwa ajili yetu. Ambariki Dada Csilla kwa kila asubuhi tuliyomnyima salamu.

Jambo la mwisho ni habari tu. Leo asubuhi kabla hujafika, Dada Csilla alimnyoa Mjomba Ambrus. Chumba kizima tulinyamaza tukausikia wembe ukikwaruza. Alipomaliza aliufuta kwenye taulo, akatuonyesha taulo.

Sasa Mjomba Ambrus anakuletea kijisanduku chako. Ukumbi ni mrefu na atachukua muda. Tunaomba mtu yeyote asimsaidie.

Ni sisi,
Wagonjwa wa Chumba cha Mwanga,
Zahanati ya Alsómeggyes.